Geti la Chini

Nilifika kwa Ndolo mwezi wa pili mwaka wa tisini na saba, nikitoka Magadi. Huko nilikuwa nimepakia magadi miezi saba mpaka macho yakaanza kulia yenyewe, nikaona heri niondoke nikiwa bado naona njia. Nilipofika Gataka nikalala siku mbili kwa mtu wa kwetu, na huyo ndiye aliyeniambia kuna Mkamba upande wa Kitengela ametengeneza kinu cha zamani na sasa anatafuta mtu anayejua maji. Mimi maji nayajua. Nimechimba visima Emali, nimelinda tenki la reli Konza, na nimezaliwa mahali ambapo watu husimulia mvua kama wengine wanavyosimulia harusi. Nikafunga mzigo wangu nikaenda.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ghorofa mbili, imesimama ukingoni mwa mto unaoshuka kutoka Ngong. Ubavuni mwake kulikuwa na gurudumu la chuma lenye vikombe vya mbao, urefu wake kama watu watatu wakibebana. Mzungu fulani alilijenga kabla ya vita vya pili, asage ngano ya walowezi. Yeye alikwenda zake, kinu kikabaki, popo wakaingia. Juu ya nyumba, kama hatua mia mbili, mto ulikuwa umezibwa kwa ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta likatanda bwawa. Ukuta ulikuwa na mageti mawili ya chuma, na ni lazima niyaeleze, kwa sababu habari yote iko hapo. Geti la juu lilipeleka maji kwenye mfereji, mfereji ukayamwaga juu ya gurudumu, gurudumu likazunguka. Geti la chini lilikuwa kwenye mguu wa ukuta. Hilo halikuzungusha kitu. Kazi yake ilikuwa kumwaga bwawa lote, maji yaende zake bondeni.

Ndolo alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja Athi River. Walipopunguza wafanyakazi, alichukua alichopewa akanunua ekari nane pamoja na kinu kutoka kwa mzee Simel, Mmaasai jirani, siku zile watu wa Kitengela walipokuwa wakigawana shamba lao la kundi. Akafukuza popo, akapaka chokaa, akageuza ghala la unga kuwa vyumba vya kulala wageni. Wageni wake walikuwa watu wa Nairobi wenye viatu vizito, wanaobeba mabegi mgongoni na kutembea siku nzima bila kwenda popote. Sisi tuliwaita watu wa mabegi. Asubuhi walishuka kwenye korongo lenye majabali pande zote mbili, wakafuata mto mpaka wachoke, jioni wakarudi wakala mbuzi na ugali wa unga uliosagwa na gurudumu lile mbele ya macho yao. Ugali aliupika Mwongeli, mke wa Ndolo. Njia ya korongoni walionyeshwa na Soipan, binti ya Simel, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa anajua kila jiwe huko chini.

Mimi nikawa mtu wa mageti.

Simel alikuja kila asubuhi kunywesha ng'ombe wake chini ya ukuta, halafu akaketi na mimi. Alikuwa mrefu, mkavu, jicho moja limeingia ukungu. Baba yake alimfanyia yule mzungu kazi ile ile yangu, kwa hivyo Simel alijiona ana haki ya kunikagua. Wiki ya kwanza aliniuliza kama Ndolo ameniambia habari ya Ngong. Nikasema hapana. Akaelekeza fimbo kule vilima vilikokuwa, mbali, kama nundu za ng'ombe waliolala. Akasema wakati wa baba yake, wingu likikaa juu ya vilima vile siku mbili bila kuondoka, mzungu hakungoja, hata kama Kitengela kuna jua na vumbi. Alifungua geti la chini, bwawa likamwagika mpaka wakabaki vyura, kinu kikasimama hata kama magunia ya ngano yamepangwa mpaka barabarani.

"Mto ni kama mgeni mlevi," Simel akasema. "Akikuta mlango wazi anapita, anaenda kuanguka huko mbele. Akikuta umefungwa, anauvunja."

Nilimpelekea Ndolo maneno hayo. Alikuwa amelala chini ya gurudumu akifunga bolti, na akaendelea kufunga mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikamwambia Ikutha.

"Na mimi ni wa Mutomo," akasema. "Sasa, mwanaasa, ndugu yangu, wewe wa Ikutha na mimi wa Mutomo, tukae hapa tumwage bwawa kwa sababu ya wingu?"

Kwetu mto ni mchanga. Mwanamke anachimba shimo, anaingia ndani mpaka haonekani, anachota kwa kikombe, na nyuma yake kuna foleni. Ile njaa ya themanini na nne tuliyoiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, kwa kuwa watu walishika pesa na hakukuwa na cha kununua, mama yake Ndolo alikaa kwenye shimo la mchanga kutwa nzima kwa debe moja. Mtu aliyelelewa hivyo hamwagi maji. Mwongeli aliosha mchele kwa maji, maji hayo akaoshea sufuria, kisha akampa mbuzi, na mto unapita hapo hatua kumi. Mimi mwenyewe mpaka leo nikimwona mtu anasukutua na kutema glasi nzima, moyo unanidunda.

Simel alituchekea. Alisema Wakamba mnafuga maji kama sisi tunavyofuga ng'ombe. Mwongeli akamjibu kutoka jikoni kwamba maji yake angalau hayana kupe.

Basi tukaishi. Kiangazi kikaisha, na mwezi wa kumi mvua ikaanza, ile ambayo redioni waliipa jina la El Nino na watu wakalifanya jina la kila kitu kikubwa, mpaka mahindi makubwa sokoni. Barabara ya Namanga ikawa matope. Bwawa likajaa hadi mdomoni, gurudumu likazunguka kuliko wakati wowote, na watu wa mabegi wakaongezeka kwa sababu mvua ya Nairobi iliwachosha na sisi huku mara nyingi tulikuwa na jua.

Lakini mimi niliyekaa na ukuta kila siku niliona mambo. Mawe yalianza kutoa jasho. Ndolo alipaka simiti, na kesho yake jasho likatokea pembeni ya simiti. Nyoka wakahama ukingoni wakapanda mpaka jikoni. Tuliwaua watatu katika wiki moja, wote wanaelekea juu. Na ng'ombe wa Simel wakaacha kunywa chini ya ukuta. Walifika, wakanusa maji, wakasimama wamepanga vichwa kama watu kwenye matanga, na hakuna aliyeinama. Simel akawageuza akawapeleka upande wa juu wa bwawa.

Wiki ya tatu ya mwezi wa kumi na moja wingu lilikaa Ngong. Jumatano lilikuwepo. Alhamisi asubuhi lilikuwepo, jeusi, limeshuka mpaka vilima havionekani, na juu yetu mbingu ilikuwa safi kama sahani. Simel akaja bila ng'ombe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya shuka, nikajua hakuja kupiga soga. Akamwambia Ndolo kwamba siku ya geti la chini imefika.

Ndolo alikuwa na shida yake. Jumamosi kulikuwa na kundi la watu kumi na wanne, kundi kubwa kuliko yote tuliyowahi kupata, chini ya mtu mmoja anayeitwa Dalmas. Dalmas alikuwa amesema wakipenda watakuja kila mwezi, mwaka mzima. Walitaka kuliona gurudumu. Bila bwawa gurudumu ni chuma tu. Lakini Simel akamwambia jambo moja ambalo hakuwa amelisema awali: kwamba watu hao kumi na wanne watakuwa korongoni, na anayewaongoza ni mtoto wake.

Ndolo akaligeukia bwawa.

"Fungueni," akasema. "Lakini mimi sitaki kuona."

Akapanda baiskeli mpaka steji ya matatu, akaenda Kajiado kufuata karatasi ya leseni ambayo ingeweza kungoja, akalala huko kwa binamu yake.

Nikafungua. Geti lile huinuliwa kwa mpini wa kuzungusha, mizunguko arobaini, na uzito wake unakaa mabegani siku mbili. Maji yakatoka yakiwa meupe, yakaruka hatua kumi kabla ya kugusa jiwe. Simel alisimama akaangalia mpaka akaridhika, akaniambia nisilifunge mpaka nione vyura, akaenda kwa ng'ombe wake.

Nilikaa hapo peke yangu nikisikiliza. Yalikuwa maji safi. Kama yangekuwa na matope ningeweza kuvumilia.

Baadaye Mwongeli akaja na karai. Akashuka mpaka pale maji yalipokuwa yanagonga mawe, akakinga karai, akapanda nalo, akalimwaga kwenye pipa, akarudi. Akaleta debe. Akaleta mitungi, sufuria za wageni, beseni la kufulia, mpaka birika la chai. Alipanda na kushuka mteremko ule karibu saa nzima, nguo imemshika mwilini kwa maji, na kila alichonacho kilipojaa akasimama kando yangu akihema. Tukaangalia pamoja. Bwawa lilikuwa limeshuka kama urefu wa mkono, kutoka kidoleni hadi kiwikoni. Pembezoni likaacha mstari mweusi wa tope.

"Mutunga," akasema polepole, "inatosha sasa. Simel aliomba lipungue, na limepungua."

Simel hakuomba lipungue. Alisema mpaka vyura. Sote wawili tulimsikia.

Nikashika mpini nikazungusha mizunguko arobaini kurudi nyuma. Hakuna aliyenishika mkono. Na niseme ukweli, kufunga kulikuwa rahisi, kama mpini umepakwa mafuta.

Ijumaa adhuhuri Ndolo akarudi. Alikuja moja kwa moja ukutani, akakuta bwawa limejaa tena hadi mdomoni, akasimama kinywa wazi. Akasema kumbe mto umerudisha yote kwa siku moja. Nikasema umerudisha. Akacheka, akanipiga bega, akaenda kupaka gurudumu grisi huku akipiga mluzi. Mwongeli alikuwa mlangoni pa jikoni. Aliingia ndani.

Jumamosi ilipambazuka na jua. Dalmas alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye filimbi shingoni, na aliwahesabu watu wake kila walipohama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Wakala mayai na viazi vitamu, wakapigwa picha mbele ya gurudumu. Soipan akanijia nikiwa kwenye mfereji. Akaniuliza kama maji iko sawa.

"Iko sawa, nenda," nikamwambia.

"Mzee, wewe ukisema iko sawa huwa unaangalia chini," akasema, akacheka, akawaita watu wake. Wakashuka saa tatu.

Kilichonistua kama saa tano kilikuwa sauti ya gurudumu. Liliacha kupiga kama moyo, likaanza kupiga kama mtu anayekimbia. Nikapanda ukutani. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yana povu, yanabeba fito, mlango wa choo, kibanda cha kuku, na mgomba mzima na majani yake. Kitengela hakuna migomba. Mgomba ule ulitoka mashamba ya Ngong, na kama umefika, ulikuwa na wenzake nyuma.

Nikarukia mpini wa geti la chini. Ulizunguka mara nne ukagoma. Magogo yalikuwa yamekwisha kulala kwenye mdomo wa geti kwa ndani, na tope juu yake. Ndolo akaja mbio na mtaimbo. Tukaning'inia wawili, mtaimbo ukapinda, geti halikusogea. Lilikuwa limefunguka upana wa kiganja.

Hapo Simel akafika, amekimbia kutoka kwake kilimani, mzee wa miaka sitini na kitu. Aliangalia bwawa, si sisi.

"Nilikuambia ufungue," akamwambia Ndolo.

"Tulifungua," Ndolo akasema.

Kisha Ndolo akageuza kichwa akanitazama. Nilikuwa bado nimeshika mpini. Sijui uso wangu ulisema nini, lakini nilimwona akielewa. Simel naye akaelewa, jicho zima na lile la ukungu. Hakukuwa na nafasi ya kusema.

Nyuma ya nyumba kuna jabali, na korongo lile hujikunja, hata mtu akitembea saa mbili anajikuta tena chini ya jabali lilelile. Tulikimbilia ukingoni. Walikuwa huko chini, mwendo wa risasi, wameketi juu ya jiwe bapa katikati ya mto, mabegi mekundu na ya buluu, wanakula. Njia ya kushuka inazunguka nusu saa. Simel akaita. Nikaita. Dalmas alikuwa anamenya chungwa. Nyuma yetu gurudumu lilikuwa linanguruma mpaka mawe yanatetemeka chini ya miguu, na sauti zetu zilifia hapo hapo midomoni.

Kulikuwa na njia moja ya kulinyamazisha, kufunga geti la juu. Na ukifunga geti la juu, mfereji unakauka, na maji yale yote yanabaki yamesukuma ukuta. Nilirudi mbio nikamwambia Ndolo. Yeye alijua hesabu hiyo kabla yangu.

"Funga," akasema. "Nitaushika."

Mwongeli alikuwa amekuja na magunia ya unga yaliyojazwa udongo, kwa sababu ukuta ulikuwa umeanza kutema maji pale palipopakwa simiti. Ndolo akamwambia arudi kule juu jikoni alete mengine. Akakataa. Akamwambia mara ya pili, kwa Kikamba, kwa sauti ya chini ambayo mume humwambia mke, na akaenda. Ndolo akabeba gunia la kwanza akaingia nalo ukutani, maji yakimfika vifundoni. Hakunitazama tena. Nikafunga geti la juu.

Gurudumu likazunguka mara tatu, mara mbili, likasimama. Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye vikombe, moja moja.

Na katika ukimya huo Simel akaita. Hakuita jina. Aliita wito ule ambao wachungaji wao huwaita ng'ombe kutoka bondeni, mrefu, unaopanda mwishoni, ambao hata mtoto wa Kimaasai anajua maana yake ni panda juu sasa hivi, acha kila kitu. Nikamwona Soipan amesimama. Alikuwa mdogo kama kidole. Baadaye alisema Dalmas alidhani ni wimbo, akataka wasikilize, na mmoja alianza kufunga begi lake vizuri, na yeye Soipan akalichukua begi hilo akalitupa mtoni, ndipo wakaamka. Kuna njia ya mbuzi upande wa pili wa korongo. Akawaingiza humo mmoja mmoja, wakipanda kwa mikono na magoti, na Dalmas akabaki chini akiwahesabu kwa sauti mpaka wa kumi na tatu, kisha naye akapanda, na Soipan nyuma yake.

Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi kati ya jabali na ukuta kama mbwa aliyefungiwa. Mara nilipoangalia ukutani Ndolo alikuwa amepanga magunia manane. Mara nyingine alikuwa ameweka mgongo wake kwenye magunia na miguu kwenye jiwe, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Nikampigia kelele atoke, watu wamefika juu. Labda hakunisikia. Labda alisikia na akaona mtu kama mimi si wa kusadikiwa.

Ukuta haukupasuka kama nilivyodhani. Uliinama. Mawe ya katikati yalikwenda mbele pamoja, polepole, kama mlango unaofunguliwa na mtu mwenye adabu, na Ndolo akiwa amesimama mbele yake. Ndipo mlio ukaja. Maji yalichukua gurudumu, yakachukua vyumba vya chini na vitanda vyake, yakaingia korongoni yamesimama wima. Jiwe bapa walilokuwa wameketi sikuliona tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Walikuwa hai, wote kumi na wanne, na Soipan amechubuka magoti tu. Jioni gari lao likaja kuwachukua. Dalmas alitushika mikono yote miwili, mmoja mmoja, akapanda garini.

Ndolo alionekana Jumanne, mbali sana, upande wa Athi, na watu waliokuwa wakitafuta ng'ombe wao. Alhamisi ndugu yake mkubwa, Maundu, akafika kutoka Mutomo na wazee wawili kumchukua akazikwe kwao. Jikoni kulikuwa kumesalia kwa sababu kulijengwa juu. Tukaketi humo. Simel alikuwepo, na Soipan, na mimi karibu na mlango. Mwongeli aliwapa maji ya kunywa kutoka kwenye ile mitungi.

Maundu alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema amepita akaona ukuta, ameona palipokuwa geti. Akasema yeye si fundi lakini hata yeye anaona geti lile lilikuwa la nini. Kwa hivyo anataka kuambiwa jambo moja kabla ya kumpeleka mdogo wake nyumbani. Kwa nini halikufunguliwa mapema?

Nilijua mjane anayeambiwa na shemeji zake kwamba aliua mume kwa mdomo wake hakai juu ya ardhi ya mume. Mwongeli alijua zaidi yangu. Simel akanigeukia. Alikaa amenigeukia, mikono juu ya fimbo, akingoja, na hakuwa na haraka yoyote.

"Mume wangu alikataa," Mwongeli akasema. "Tulimwomba. Hakutaka kuona maji yakipotea."

Maundu akatikisa kichwa mara nyingi. Akasema ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Mmoja wa wale wazee akasema kwa Kikamba kwamba kiburi cha maji kimeua wengi, na mwingine akaitikia. Wakaendelea kusema habari za Ndolo, ukaidi wake, jinsi alivyowaweka watu kumi na watano hatarini kwa ajili ya gurudumu, na nilisikia jina lake likibadilika pale pale, mbele yangu. Mtu aliyesema fungueni. Mtu aliyesema nitaushika. Nilikuwa na maneno kumi tu ya kusema, na sikusema hata moja.

Simel akasimama. Akamwambia Soipan waende. Alipita karibu yangu pale mlangoni, shuka yake ikanigusa goti, hakuaga mtu.

Walipokwisha kumpakia Ndolo na gari likapanda kuelekea barabara kubwa, Mwongeli alirudi jikoni kuchukua kanga yake, kwa sababu naye alikuwa anakwenda mazishini na gari la pili. Alinikuta bado nimeketi.

"Mutunga," akasema, "nikirudi nisikukute hapa. Nikikuona nitasema ukweli, na sina pa kwenda."

Nikakusanya vitu vyangu, vilikuwa vichache. Sikupita barabarani ili nisikutane na watu wa Simel. Nikashuka kwa njia ya korongo. Tope lilikuwa limepakwa kwenye majabali pande zote, juu, juu kuliko mti, na huko juu kabisa kulining'inia kipande cha shuka la kitanda cha wageni. Mto wenyewe ulikuwa umerudi mdogo. Ulinifika vifundoni, umetulia, naona changarawe chini. Nikavua viatu nikavuka. Nilipofika katikati nikainama, nikatoa chupa yangu mfukoni, nikaijaza mpaka shingoni, nikafunga kifuniko kwa nguvu, nikaendelea.